Mwenzio wa Kemo Si Daktari Wako

Safari hii maswali ni ya saratani ya titi na kemo, yaani dripu za dawa ya saratani, na mengi yametoka Tanga mjini, Muheza na Pangani. Wanaonitumia picha za majibu ya maabara wakitaka niwasomee, sizisomi. Mrudishieni daktari aliyeyaagiza.

*Shikamoo mama. Nimemaliza dripu ya pili. Nywele zimetoka zote, kucha zinakuwa nyeusi. Mawifi wamenikataza kumwambia mtu, wanasema nitakuwa gumzo la mtaa. Kliniki nawaona wenzangu ila naona haya kuwasemesha. Nifanyeje? Mama wa watatu, Muheza*

Marahaba mwanangu. Sindano unachomwa wewe, hawachomwi mawifi. Sijasema utangaze msikitini, lakini ugonjwa huu hauhimiliki kimyakimya. Tafuta mtu mmoja tu. Siku ya kemo angalia nani amekuja na kanga ya ziada ya kujifunika, ndimu ya kunusa na mfuko wa plastiki ulioshikiliwa tayari. Huyo si mgeni pale. Muulize, "Wewe uko dripu ya ngapi?" Sijaona aliyekasirishwa na swali hilo.

Mwali hufundwa na somo aliyekwisha kuyapita, na hapa ni vivyo hivyo. Daktari ana dakika chache na wewe, na foleni imefika mlangoni. Mwenzio ndiye atakayekwambia kwamba ile dawa nyekundu hugeuza mkojo kuwa mwekundu siku moja au mbili, si damu, usipige yowe. Kwamba mdomo ukiwa na ladha ya chuma, ule kwa kijiko cha plastiki. Kwamba kucha zikatwe fupi na nywele huanza kurudi miezi michache baada ya dripu ya mwisho.

Nawajua wanawake wanaokaa mkekani Jumamosi jioni hapa mjini, waliokatwa titi wote. Hushona matiti ya kitambaa laini, ndani pamba, na chini kabisa mtama kidogo ili liwe na uzito na sidiria isipande juu. Linapitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja analipima kiganjani: "Ongeza, hili jepesi, bega lake litaenda upande." Wanacheka mpaka wanajifuta machozi. Nenda kwenye watu kama hao. Na mawifi, kama kweli wanakupenda, wakukamulie juisi na wakushikie watoto siku ya dripu.

*Mama, majani ya mstafeli yanaponya saratani?*

Hayaponyi. Swali hili hunijia kila mara, tofauti ni jina la mti tu. Mwaka 2011 watu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500, na wapo walioacha dawa za hospitali kwa ajili yake. Na kama tayari unakunywa majani yoyote, mwambie daktari usione haya, kwa sababu mengine hugombana na dawa.

*Mama yangu alipasuliwa, akapata kemo, sasa yuko kwenye vidonge vya tamoksifeni mwaka wa pili. Mwenzake wa kikundi kamwambia vidonge hivyo vinaleta saratani ya kizazi, naye ameacha. Anajisikia mzima. Tumwache? Kijana wa Chumbageni*

Msimwache. Hapa ndipo ninapogombana na vikundi, hata nivipendavyo. Mwenzio anaweza kukufundisha kuishi na dawa. Kukuandikia dawa au kukufutia, hapana.

Alichosikia mama kina chembe ya ukweli, na ndiyo maana kimemwingia. Tamoksifeni huongeza kidogo hatari ya saratani ya mji wa mimba, hasa kwa waliokoma hedhi. Lakini kwa mwenye saratani inayolishwa na homoni, faida ya kuzuia isirudi ni kubwa kuliko hatari hiyo, na ndiyo maana hupewa miaka 5, wengine hata 10. Kujisikia mzima si sababu ya kuacha, maana vidonge hivi hupewa watu wanaojisikia wazima.

Mrudisheni kliniki aseme ukweli kwamba aliacha. Kama amekoma hedhi, kuna vidonge vya aina nyingine ambavyo daktari anaweza kumbadilishia. Akiona damu ukeni baada ya hedhi kukoma, asingoje tarehe ya kliniki. Vilevile mguu mmoja ukivimba na kuuma, hasa baada ya safari ndefu ya basi, siku hiyohiyo hospitali, kwa kuwa dawa hii huweza kugandisha damu.

Jingine: saratani za matiti si za aina moja. Yule aliyemshauri huenda yake haihusiani na homoni kabisa, hivyo vidonge hivyo hakuandikiwa wala havimfai. Wamekaa mkeka mmoja tu, ugonjwa wao si mmoja.

*Siku ya kumi baada ya kemo nilipata homa kali, nikameza Panadol ikashuka. Nilifanya sawa?*

Hapana, bibie, na umshukuru Mungu uko hai kuniuliza. Kati ya siku ya 7 na ya 14 chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, huwa chini kabisa, na homa ya digrii 38 wakati huo ni dharura hata kama ni saa nane za usiku. Panadol huificha tu. Nunua kipimajoto. Homa ikipanda, aliye mjini aende Hospitali ya Bombo, aliye mbali aende hospitali ya wilaya yake, na neno la kwanza mlangoni liwe, "Niko kwenye kemo." Usikae kwenye foleni ya malaria kama watu wengine.

*Naweza kwenda na kurudi Tanga nikiwa kwenye mionzi hospitali ya Ocean Road, Dar?*

Huwezi. Mionzi ni siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na kutoka hapa hadi Dar ni kilomita 350 hivi. Waulize waliokutangulia walipanga chumba wapi kabla dalali hajakuona stendi. Alama watakazokuchora zisifutike, na sehemu hiyo usiisugue kwa dodoki.

*Mkono wa upande niliopasuliwa umevimba. Jirani kanishauri hijama.*

Usithubutu kuumikwa, wala chale. Zikiondolewa tezi za kwapani, maji ya mwilini hukosa njia, na kidonda kidogo tu kwenye mkono huo huweza kuleta maambukizi mabaya. Jihadhari na mbuzi ya kukunia nazi na miiba ya samaki. Sindano na presha, toa mkono wa pili. Ila usiufunge mkono ukae bure, maana hukakamaa. Muone mtaalamu wa mazoezi ya viungo akuoneshe la kufanya na kama utahitaji soksi ya mkono ya kubana. Ukiwa mwekundu na wa moto, hilo halisubiri.

*Nafunga Ramadhani nikiwa kwenye kemo?*

Mgonjwa ameruhusiwa kula, siku zipo za kulipa. Walio kwenye vidonge vya mara moja kwa siku waulize daktari kama wanaweza kumeza wakati wa daku.

*Saratani inaambukiza? Mume wangu kahamia chumba kingine.*

Haiambukizi, wala kwa kikombe wala kwa kitanda. Siku chache baada ya dripu tumieni kondomu, maana dawa hutoka na majimaji ya mwili, na mimba isiingie wakati wote wa matibabu. Mengine anayo yeye, si saratani. Mwiteni mbele ya wazee.

*Mimi ni mwanaume, nina kinundu nyuma ya chuchu. Wenzangu wananicheka.*

Wanaume nao hupata, takriban mmoja katika kila wagonjwa mia, na wengi huchelewa kwa sababu ya kicheko hichohicho. Nenda hospitali wiki hii. Wakitaka kuchukua kinyama cha kupima, kubali. Kinyama hakisambazi saratani.