Mkali wa mbio za wiki tatu apimwe kwa siku yake mbaya

Sheikh wangu, nimesoma ulivyowapanga wakali wa mbio za baiskeli za wiki tatu: Tadej Pogačar wa Slovenia wa kwanza, Remco Evenepoel wa Ubelgiji wa pili, Jonas Vingegaard wa Denmark wa tatu. Hoja yako kubwa ni Kigali, Septemba 2025, pale Evenepoel alipomkuta Pogačar njiani akampita kwenye mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa, na Pogačar alikuwa ametangulia kuondoka kwa dakika mbili na nusu. Mwenzetu mwingine kasema tuache kubishana, tufuate pointi za UCI, shirikisho la baiskeli duniani. Wa tatu kahesabu mataji. Mimi sikubaliani na hata mmoja wenu, na nitaeleza kwa nafasi, maana mchezo huu naupenda kwelikweli.

Nianze na mataji kwa sababu hayo ni mepesi kuyamaliza. Hadi msimu wa 2025 unafungwa, Pogačar ana mataji matano ya mbio kubwa za wiki tatu, yaani Tour ya Ufaransa, Giro ya Italia na Vuelta ya Uhispania, ambazo saa za kila siku hujumlishwa na mwenye jumla ndogo ndiye bingwa: Tour ya 2020, 2021, 2024 na 2025, na Giro ya 2024. Primož Roglič, Mslovenia mwenziwe, naye anayo matano, Vuelta nne na Giro ya 2023. Vingegaard ana matatu. Kwa hesabu hiyo Roglič na Pogačar wako sawa, na Vingegaard yuko nyuma ya Roglič. Sijamsikia hata shabiki wa Roglič akithubutu kusema hivyo.

Pointi za UCI nazo zinajibu swali jengine. Zinajumlisha kila kitu cha miezi kumi na miwili, mbio za siku moja zikiwemo. Pogačar kashinda Lombardia, mbio ya siku moja ya Italia, mara tano mfululizo, 2021 hadi 2025, na kila mara anaongezewa fungu zito. Ni sifa kubwa, lakini haituambii nani atasimama wiki ya tatu milimani.

Kipimo changu ni siku mbaya. Simuulizi mtu alishinda kwa kishindo gani siku miguu inacheka. Namuuliza siku ilipomkatalia alipoteza dakika ngapi, kesho yake alifanya nini, na mwisho wa wiki ya tatu alikuwa wapi.

Hili sikulipata kwenye televisheni. Mimi ni mtu wa Wete, na sisi vijana wa baiskeli tuna mtindo wa kuendesha siku mfululizo, Mkoani hadi Konde na kurudi, tukiandikiana saa za kila siku na kuzijumlisha. Wanaoijua Pemba wanajua barabara zake: kilima, bonde, kilima tena, na msimu wa karafuu nusu ya lami ina majamvi, unapita kwa adabu. Tulikuwa na kijana mmoja ambaye siku ya kwanza hakuna aliyemgusa. Siku ya mwisho, tukiwa tunapanda kutoka bandarini Mkoani, nilikuwa nyuma yake nikamwona anavyozima. Kwanza alihamisha mikono kutoka chini ya usukani kuileta katikati. Halafu goti la kulia likaanza kutoka nje kila akikanyaga. Fulana mgongoni ilikuwa imekauka, ina mistari myeupe ya chumvi, na jasho jipya halitoki. Asubuhi alikunywa chai tu, kwa kuwa alijisikia mzima. Mwenzetu mwengine, ambaye hakuwahi kuongoza hata kilima kimoja, alikuwa na haluwa mfukoni imefungwa kwenye karatasi, anamega kila baada ya muda, njaa haijafika. Huyo ndiye aliyekuwa na saa ndogo tulipojumlisha.

Kinachotokea kinajulikana. Mwili una akiba ya sukari kwenye misuli na ini, na akiba hiyo haitoshi kwa saa tano za kazi ngumu. Wakali wa Ulaya siku hizi wanakula gramu 90 za wanga kwa saa na zaidi, wakiwa juu ya baiskeli, na hilo peke yake ni kipaji: kuna tumbo linalopokea na kuna tumbo linalokataa. Ukichelewa kula, hata ukila baadaye umeshachelewa.

Na hasara yake haifanani kila mahali. Nenda barabara ya Makunduchi kipindi cha kusi ujibanze nyuma ya mwenzako, utaona upepo unavyompiga yeye huku wewe unapumua. Kwenye tambarare hata mchovu anajificha hivyo, na wanaofika katika kundi moja wanaandikiwa muda uleule. Kwenye mlima mkali mwendo unashuka, mgongo wa mwenzako haukusaidii sana, na dakika zinaanza kumwagika. Ndiyo maana siku moja mbaya milimani inakula ushindi wa wiki nzima.

Sasa tuwapitishe. Tour ya Julai 2022, mlima Col du Granon, Pogačar ana jezi ya njano ya anayeongoza, timu ya Vingegaard inamshambulia kwa zamu tangu mlima Galibier, na mwisho anapoteza dakika 2 na sekunde 51 kwa Vingegaard. Mwaka uliofuata, mlima Col de la Loze, mita 2,304 juu ya bahari, ilikuwa vibaya zaidi: dakika 5 na sekunde 45 kwa siku moja. Hizo ndizo siku zake mbaya mbili kubwa kwenye Tour, na mara zote mbili alimaliza wa pili. Siku tatu baada ya Loze akashinda hatua, yaani mbio ya siku hiyo, ya Le Markstein. Mtu ambaye siku yake mbaya kabisa inamleta nafasi ya pili Paris, Tour inapomalizikia, nisipomweka juu nimweke nani?

Vingegaard naye mtazame Tour ya 2025. Mbio za saa za Caen alipoteza dakika 1 na sekunde 5 kwa Pogačar. Mlima Hautacam dakika 2 na sekunde 10. Hakujitoa, hakuporomoka, akamaliza wa pili, kisha mwaka huohuo akaenda kuchukua Vuelta. Na usisahau Aprili 2024 alianguka vibaya nchi ya Basque, pafu likaporomoka, mtulinga na mbavu zikavunjika. Julai alikuwa Tour na akamaliza wa pili. Huyu humweki wa tatu kwa sababu ya mbio za saa za Kigali ambazo yeye hakuwemo.

Evenepoel simdharau. Vuelta ya 2022 ni yake kwa haki, wa tatu Tour ya 2024, dhahabu mbili za Olimpiki Paris. Lakini mlima Tourmalet unamshtaki mara mbili. Vuelta ya 2023 alikwenda kuutetea ushindi wake, akapoteza dakika 27 siku moja. Kesho yake akashinda hatua, moyo anao, ila Vuelta ilikuwa imeshakwenda. Tour ya 2025, yuko nafasi ya tatu, akashuka kwenye baiskeli palepale Tourmalet. Giro ya 2023 siihesabu dhidi yake. Aliongoza na Covid ikamtoa. Kumpima mtu wa wiki tatu kwa mbio za saa moja ni sawa na kumpima nahodha kwa safari moja ya maji shwari.

Roglič ndiye anayenisumbua. Anaanguka. Tour za 2021, 2022 na 2024 zote hakuzimaliza. Lakini akibaki juu ya baiskeli, hana woga wa siku ya hukumu. Giro ya 2023, mbio za saa za kupanda Monte Lussari, anamfukuzia Geraint Thomas, aliyekuwa anaongoza, kwa sekunde 26, mnyororo ukamtoka katikati ya mlima. Alishuka, akaurudisha kwa mkono, akasukumwa, akaondoka, na bado akamzidi Thomas kwa sekunde 40. Giro akaichukua kwa sekunde 14. Kila nikiitazama nasimama.

Mtasema timu. Kweli, 2023 timu ya Jumbo-Visma, ya Vingegaard na Roglič wakati ule, ilichukua Giro, Tour na Vuelta kwa watu watatu tofauti, na mwenye timu ile anapandishwa mlima na wenziwe. Lakini msaidizi anakufikisha mpaka kilomita za mwisho, hapo kila mtu na miguu yake.

Aliyeuliza kuhusu Chris Froome, bingwa wa Tour mara nne, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa na David Kinjah pale Kikuyu: tukipanga wa zama zote ana nafasi yake juu sana. Mwaka 2018 alichomoka mlima Colle delle Finestre, kilomita 80 peke yake, akaibeba Giro. Siku hiyohiyo Simon Yates, aliyeianza asubuhi na jezi ya waridi ya anayeongoza Giro, alizima kabisa. Miaka saba baadaye, mlima huohuo, Yates akamnyang'anya Giro Isaac del Toro aliyekuwa anaongoza.

Kwa hiyo hadi 2025 orodha yangu ni Pogačar, Vingegaard, kisha kuna pengo, halafu Roglič, Evenepoel, na wa tano João Almeida wa Ureno, aliyeshinda mlima Angliru mbele ya Vingegaard na kumaliza Vuelta ya 2025 nyuma yake kwa dakika 1 na sekunde 16 tu. Evenepoel amehamia timu ya Red Bull kuanzia 2026. Akimaliza Tour bila siku ya Tourmalet, nitampandisha juu ya Roglič bila kubishana na mtu. Juu ya Vingegaard, hapana, mpaka amshinde milimani wiki ya tatu.