Ramani ya mvua ya Dodoma: anza na wastani, kovariansi baadaye

Wanafunzi wanaochora ramani za mvua za mkoa huu huniuliza sana: kovariansi, yaani kipimo cha jinsi mvua ya vituo viwili inavyokwenda pamoja, ibaki moja kwa mkoa mzima, au ibadilike mahali na mahali? Jibu langu huwa haliwafurahishi: rekebisha wastani kwanza, yaani mvua inayotarajiwa kila mahali.

Modeli ya kawaida hudai kwamba vituo viwili vilivyoachana kilomita 20 vina uhusiano uleule, viwe kwenye tambarare ya Bahi au vilima vya Kondoa. Mkazi wa hapa atacheka. Mchana wa Januari Nkuhungu inanyesha mpaka mitaro inafurika, na Ihumwa ni vumbi tupu. Ila ukijumlisha mvua ya msimu mzima, tofauti nyingi zinaweza kuwa za mwinuko tu. Basi ingiza mwinuko kwenye wastani, chukua kipeuo cha pili cha mvua, halafu chukua mabaki, yaani kinachobaki ukishatoa wastani, na uchore variogramu yake, mchoro wa jinsi tofauti kati ya vituo inavyokua kadiri umbali unavyoongezeka, kanda kwa kanda. Variogramu za kanda zikifanana, ishia hapo na kovariansi moja. Wanatakwimu Fuglstad na wenzake waliliuliza swali hili mwaka 2015 kwa mvua ya mwaka ya Marekani, kwenye vituo maelfu. Sisi vyetu ni vya kuhesabika.

Zikitofautiana waziwazi, usikate mkoa vipande ukakipa kila kipande masafa yake (umbali ambao uhusiano wa vituo hufifia) kisha ukaviunga kwa kubahatisha. Matriki, yaani jedwali la kovariansi za vituo vyote, itakuletea varianzi hasi, kitu kisichowezekana, na programu itagoma saa nane za usiku. Fomula ya Paciorek na Schervish ya mwaka 2006 inakuepusha na hilo: kila mahali pana matriki yake ndogo ya masafa na mwelekeo, na uhusiano wa sehemu mbili hutumia wastani wa matriki zao. Mimi huyafunga masafa kwenye mwinuko pekee, kigezo kimoja cha ziada. Njia ya Sampson na Guttorp ya 1992, ya kuivuta ramani kama mpira, naipenda mno, lakini inadai miaka mingi ya vipimo kwenye vituo vilevile.

Kwenye kupima modeli, usiifiche vituo vya hapa na pale. Ficha Mpwapwa yote. Usitazame kosa la wastani peke yake, maana mara nyingi modeli zote mbili, ya kovariansi moja na ya inayobadilika, hukisia karibu sawa. Hesabu ni vituo vingapi vilivyofichwa vimeangukia ndani ya kipindi cha asilimia 95, yaani mipaka ambayo modeli inadai kipimo halisi kitakuwamo mara 95 kati ya 100; vya milimani peke yake, vya tambarare peke yake.