Shangazi, baba anataka kuuza michikichi ili niende Ujerumani

"Shikamoo shangazi. Mimi ni binti wa miaka 28, niko Gungu hapa Kigoma, nina mtoto wa miaka mitano na tunaishi kwa wazazi. Nimepata chuo Ujerumani, chuo cha serikali, master ya mambo ya maji, miaka miwili, ada hakuna. Shida ni viza, wanataka niweke milioni 34 kwenye akaunti kwanza. Nina akiba milioni 9. Baba kasema atauza shamba lake la Simbo, eka sita za michikichi ya tenera, ile mbegu chotara ya kisasa, imeanza kuzaa vizuri tu, na mteja ameshapatikana anatoa milioni 30. Bajeti yangu ni hii: pasipoti 150,000, viza 220,000, tiketi 2,600,000, akaunti 34,500,000, nguo za baridi 400,000, mengineyo 300,000. Jumla 38,170,000, kwaiyo inatosha na inabaki laki nane. Kaka yangu anasema huu ni utapeli, masomo ya bure gani yanataka milioni 34. Baba mdogo anasema nikifika miezi mitatu tu nitarudisha pesa ya shamba. Mama hajasema kitu. Kuna kijana yuko Dar ananisaidia, anataka milioni moja na nusu ya kuharakisha viza. Shangazi nifanyeje, mteja anataka jibu mwisho wa mwezi."

Marahaba mwanangu, na hongera, maana kupata chuo kule siyo jambo dogo na naona kwenye kikao chenu watu wamerukia pesa hata pongezi hujapewa.

Tuanze na kaka ako. Kwa hiyo akaunti hajapatia, siyo utapeli. Ni sharti la serikali yao kwa mwanafunzi wa kutoka nje, na tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka. Akaunti inafunguliwa kwa jina lako wewe, siyo la chuo wala la ubalozi, wenyewe wanaiita Sperrkonto, na ukishafika unaruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi basi, hata ukilia huwezi kutoa zaidi. Ila pua ya kaka ako inanusa kitu cha kweli mahali pengine. Huyo kijana wa Dar. Ada ya viza ya masomo ni euro 75 na unailipa pale pale ubalozini unapoenda kupiga alama za vidole, hakuna dirisha la kuharakisha, na kama siku moja atakwambia pesa ya akaunti ipitie kwake kwanza, mwanangu mblock hapo hapo. Milioni na nusu yake nimeshaikata, tuendelee.

Sasa baba mdogo. Huyu ndo ananitia wasiwasi kuliko kaka, maana kaka ana hofu lakini baba mdogo ana matumaini, na matumaini yake yanawekwa juu ya shamba la mtu mwingine. Nadhani nyote hapo nyumbani mnaichukulia hiyo milioni 34 kama dhamana fulani hivi, inawekwa, viza inatoka, af inarudi. Hairudi. Ile ni hela yako ya kula, kulala na kuugua kwa mwaka mmoja, na mwaka ukiisha akaunti iko sifuri. Na master ni miaka miwili, ukienda kuongeza kibali cha kuishi wanakuuliza tena, haya mwaka wa pili utaishi kwa nini? Hapo shamba lilishauzwa.

Nimekupigia hesabu ya huo mwezi, euro moja kwa shilingi 2,900, wewe utaangalia rate ya siku hiyo. 992 ni kama milioni mbili na laki tisa hivi, na najua mtu wa Gungu akisikia milioni mbili na laki tisa kwa mwezi anaona umekuwa meneja. Haya. Chumba cha hosteli ya wanafunzi tuseme 320, na hapo nimekuwekea mji wa bei nafuu kama Chemnitz au Leipzig, ungekuwa München chumba peke yake kinaweza kupita 700. Bima ya afya lazima, bila bima chuo hakikusajili, weka 145. Ada haipo lakini kuna mchango wa muhula, kila chuo na chake, tuseme 250 kwa miezi sita, ukigawanya ni kama 42 kwa mwezi (kwenye vyuo vingi humo humo kuna tiketi ya mabasi na treni, hapo wamefanya vizuri). Chakula 200 ukipika mwenyewe. Simu, intaneti na ule mchango wa redio na televisheni ambao kila nyumba inalipa hata kama huna televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, mkichangia na wenzako weka 30 kwa vyote. Jumla 737. Inabaki 255.

Kwenye hiyo 255 kuna viatu, vitabu, dawa, kibali cha kuishi ambacho ni kama euro 100, na kuna mwanao aliyebaki huku. Mtoto hayupo kwenye bajeti yako mwanangu, nimetafuta juu mpaka chini sijamuona. Ada ya chekechea, sare, akiugua, vyote hivyo nadhani vilikuwa vinatoka kwenye mshahara wako na kwenye mawese ya mama. Mshahara unaacha, na mawese yanatoka shamba hilo hilo linalouzwa. Sasa bibi atamlea na nini?

Halafu bima. Una miaka 28. Ile bei ya mwanafunzi mwisho wake ni muhula unaofikisha miaka 30, baada ya hapo unahamia kundi lingine na makato yanapita 200 kwa mwezi. Utafikisha 30 ukiwa bado unaandika tasnifu. Andika hilo kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Tukija kwenye hiyo "mengineyo 300,000", hapo nilicheka kidogo af nikaacha kucheka. Mengineyo ndo safari yenyewe mwanangu. Kigoma mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, na ubalozini unatakiwa uende mwenyewe kwa miguu yako, karatasi moja ikipungua unarudi au unabaki Dar unalala gesti unasubiri mtu akutumie cheti kwa basi. Mara cheti cha kuzaliwa RITA, mara wakili wa kugonga mihuri, mara ada ya kufungua hiyo akaunti na makato ya benki ya kutuma euro. Hiyo laki tatu inaishia Dar kabla hujaona ndege.

Na ukitua kule, ile 992 haitoki siku hiyo. Mpaka ukajiandikishe makazi kwenye ofisi ya mji, ufungue akaunti ya kawaida ya benki, ndo hela ianze kumwagika huko, na wiki zinaweza kwenda. Wakati huo mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi wa kwanza na dhamana. Dhamana ya nyumba kwa sheria yao haizidi kodi ya miezi mitatu, na hapo inahesabiwa kodi tupu bila moto wa kupashia nyumba na maji, na hiki wengi hawakijui, sheria inakuruhusu uilipe kwa mafungu matatu ya mwezi mwezi, siyo lazima yote kwa mkupuo. Hata hivyo ukijumlisha kodi ya kwanza, fungu la kwanza la dhamana, mchango wa muhula, bima na ugali wa mwezi mmoja, usipande ndege bila euro 1,500 za mkononi nje ya ile akaunti. Hiyo ni 4,350,000. Wewe ulibakiwa na laki nane.

Kwaiyo hata mkiuza shamba haitoshi.

Najua utasema nitafanya kazi. Utafanya, sheria inakuruhusu siku 140 nzima kwa mwaka au nusu siku 280, na kima cha chini kwa saa tangu Januari 2026 ni euro 13.90, siyo haba. Ila master yako ni ya Kiingereza na kazi za mgahawani na madukani wanataka uongee Kijerumani, miezi ya mwanzo utakuwa unatafuta ulimi kwanza. Kazi iweke mwaka wa pili kwenye hesabu, ikija mapema ni bahati yako, lakini usimuahidi baba mdogo chochote kwa kazi ambayo hujaipata. Miezi mitatu anayosema yeye ndo kwanza utakuwa umejua duka gani linauza mchele wa bei chee.

Sasa shamba. Mimi nasema lisiuzwe, na siyo kwa huruma tu. Tenera ukiipanda unasubiri miaka mitatu minne bila kitu, unapalilia tu, mzee wako ameshamaliza huo muda wa kusubiri na sasa inaanza kumlipa, itamlipa zaidi ya miaka 20, na ndo hapo hapo mteja ametokea na haraka zake za mwisho wa mwezi. Huyo mteja anajua hesabu. Kama lazima shamba lisaidie, baba akodishe sehemu ya mavuno kwa msimu mmoja au miwili kama watu wengi wanavyofanya huko kwenu, eka zibaki zake. Haitafika milioni 34 lakini itasogeza, na mti unabaki.

Kwa hiyo unafanya nini. Kesho waandikie chuo barua pepe uulize kama nafasi yako inaweza kusogezwa muhula mmoja au mwaka, vingine vinakubali, vingine vinakwambia omba upya, kuuliza ni bure. Af kaa na DAAD, lile shirika lao la kubadilishana wanafunzi, wana ufadhili wa kozi za mambo ya maendeleo kwa watu wenye kazi angalau miaka miwili na shahada isiyozidi kama miaka sita, na kozi za maji zimo kwenye hizo. Angalia kama kozi yako imo kwenye orodha, kama haimo tafuta iliyomo, na dirisha lao hufungwa mapema sana, karibu mwaka kabla ya masomo, usije ukalala. Wakikupa, habari ya akaunti inakufa yenyewe maana barua ya ufadhili ndo ushahidi wako wa pesa. Na kama kuna ndugu wa kweli anaishi kule kihalali na ana kipato, anaweza kusaini kwenye ofisi ya uhamiaji ya mji wake kwamba atakugharamia, hiyo nayo inakubalika badala ya akaunti, lakini anabeba mzigo kisheria, usimuombe mtu mliyefahamiana Facebook. Hizo milioni 9 zako usiziguse, endelea kuziongezea.

Utamwambiaje mzee? Baba akitoa shamba kwa mtoto wa kike kuna watu watamcheka na yeye anajua, na bado katoa. Huwezi kumrudishia hivi hivi kama umerudisha sufuria. Usimwambie kikaoni mbele ya baba mdogo. Mfuate asubuhi akiwa peke yake, mpelekee daftari, mwambie "baba, nimekuelewa ulichonifanyia na sitakisahau, ila nilikosea hesabu, naomba uitazame na mimi." Hilo la kukosea hesabu ni kweli, na yeye anabaki baba aliyekubali, siyo baba aliyekataliwa.

Lakini kabla ya baba kuna mtu mwingine. Barua yako ndefu, kila mtu kasema lake mpaka kijana wa Dar, mama mstari mmoja, hajasema kitu. Mwanangu, mama ndiye anachemsha mawese ya hilo shamba au siyo? Ndiye atakayebaki na mjukuu. Na mnunuzi mwenye akili atataka saini yake, maana ardhi ya familia haiuzwi kwa ridhaa ya mume peke yake. Mama wa kwetu akinyamaza kwenye jambo la ardhi siyo kwamba amekubali. Leo jioni mkiwa jikoni wawili muulize, na ukishauliza nyamaza umuache aongee mpaka amalize.

Na siku ukienda, maana utaenda tu, dagaa beba. Sheria za Ulaya zinakuruhusu kuingia na samaki wa kula mwenyewe mpaka kilo 20, mawese pia hakuna shida ukiyafunga vizuri yasije yakamwagikia nguo, ila nyama kavu na maziwa acha, wanavitupa pale pale uwanjani. Ukiwakaanga hosteli fungua dirisha kwanza.