Meli ya Svalbard: ushauri wa mtu aliyejifunza kwa pesa yake

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililouma zaidi na aliyelilipia si mimi. Mdogo wangu alikuwa aje kutoka Tanga, tukutane Oslo ninakoishi, kisha twende wote Svalbard kwenye meli ya siku kumi. Kabini ya watu wawili ilishalipiwa. Fomu ya viza nilimjazia mimi. Miaka yote hii ya kuishi Ulaya nilijiona bingwa wa fomu. Palipoulizwa ataingia mara ngapi, nikaweka mara moja. Si anakuja mara moja?

Svalbard, visiwa vya kaskazini ya mbali, ni ya Norwei lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Visiwa hivyo vina mkataba wake wa mwaka 1920, na kuingia Svalbard kwenyewe hakuhitaji viza. Kazi iko njiani. Ndege unapandia Oslo au Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei bara, kwa hiyo ukipanda umeshatoka Schengen, na ukirudi unaingia upya. Viza ya kuingia mara moja inakuwa imekwisha kazi ukiwa huko juu na dubu. Tuligundua usiku wa kufunga mizigo, nilipoichukua pasipoti yake na kuona kwenye stika, pale penye idadi ya kuingia, pameandikwa 01. Inayotakiwa ni 02 au MULT. Alikaa Oslo siku kumi na wanangu, akawapikia mchuzi wa samaki, akaangalia mvua dirishani. "Nenda tu, Dada," aliniambia, "pesa ishalipwa." Nikaenda, na kitanda cha pili kwenye kabini kikawa cha koti langu.

Kwa hiyo anayetoka nyumbani aombe viza ya kuingia mara mbili au zaidi, na aitazame stika siku ileile anapoipokea. Nanyi mnaoishi Norwei, msijisahau kwamba ni nchi moja: pasipoti inakaguliwa kabla ya kupanda ndege, na kadi ya ukaazi iwe mkononi.

Pesa sitaizunguka: ni ghali. Niliweka akiba miaka mitatu. Panapopunguza gharama ni kabini. Chukua ya chini kabisa, yenye kidirisha cha duara. Hutakaa humo, utalala humo tu, tena kidogo, kwa kuwa kuanzia karibu tarehe 20 Aprili hadi baada ya katikati ya Agosti jua halizami. Ukiwa peke yako, uliza kama wanakubali kukuweka na abiria mwingine wa jinsia yako, la sivyo utalipia vitanda viwili. Pasipopunguzwa ni bima. Hospitali ya Longyearbyen, mji mkuu wa Svalbard, ni ndogo, na mgonjwa mahututi hurushwa hadi Tromsø, karibu kilomita elfu moja kusini. Soma bima yako uone kama inataja kwa maneno yake usafirishaji wa mgonjwa kutoka mahali kama hapo.

Meli nayo, tafuta ndogo. Tangu Januari 2025 sheria hairuhusu meli yenye abiria zaidi ya 200 kuingia maeneo ya hifadhi, na maeneo hayo ndiyo sehemu kubwa ya Svalbard. Hata ndani ya kiwango hicho kuna tofauti. Abiria wakiwa wengi mnashuka kwa zamu, na nusu ya siku yako inaishia kwenye kusubiri.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kijitabu cha matangazo hakitakwambia vizuri. Ratiba unayonunua si ratiba. Sisi tuliuziwa kuzunguka kisiwa kizima cha Spitsbergen, kilicho kikubwa kuliko vyote vya Svalbard, mapema mwezi wa Julai. Siku ya tatu jioni kiongozi wa msafara alituita ukumbini akatuonyesha ramani ya barafu ya Taasisi ya Hali ya Hewa ya Norwei. Palipo pekundu barafu imejazana, penye njano imetawanyika. Mlango-bahari wa Hinlopen, tuliotakiwa kupita, ulikuwa umefungwa na wekundu kama kidonda. Akasema: tunageuka. Bwana mmoja nyuma yangu alisimama akauliza nani atamrudishia pesa ya mzunguko alioulipia. Hakujibiwa kwa pesa, alijibiwa kwa ramani.

Nami nilikasirika kimoyomoyo, si uongo. Lakini nilikulia kwa baba mwenye ngalawa, na nyumbani hakuna aliyewahi kuidai kusi iache kuvuma kwa sababu yeye ameshanunua chambo. Kama kuzunguka kisiwa ndiyo nia yako, nenda mwishoni mwa Julai au Agosti, barafu inapokuwa imelegea, na bado uondoke nyumbani ukijua inaweza isiwe. Ukitaka theluji nyingi milimani na barafu ya bahari, nenda Juni. Vyote viwili kwa pamoja hupati.

Tulichopata badala ya Hinlopen ni siku mbili ndani ya Liefdefjorden. Fiodi ni ghuba ndefu nyembamba iliyochongwa na barafu kati ya milima, na mwisho wa hii kuna mto wa barafu uitwao Monacobreen, uliopewa jina kwa heshima ya Albert wa Kwanza, mtawala wa Monaco aliyegharamia upimaji wa eneo hilo mwaka 1906 na 1907. Nasema mto kwa sababu unatembea kweli, ila kwa mwendo usioonekana, na unapofika baharini unakatika ukuta.

Tulikuwa kumi ndani ya boti ya mpira. Mwongozaji akazima injini, mbali na ukuta ule, kwa kuwa kipande kikianguka kinasukuma wimbi la kupindua boti. Nilidhani patakuwa kimya. Hapana. Maji yote yalikuwa yanatatarika, tatata-tatata, kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Mwongozaji akaopoa kibonge kikubwa kama nazi, kisicho na rangi, kigumu kama kioo, akanipa nikiweke sikioni. Ndani yake kulikuwa na viputo vya hewa iliyobanwa tangu theluji ile ilipoanguka, miaka mingi kabla ya mimi na yeye kuzaliwa, na barafu ikiyeyuka viputo vinapasuka kimoja kimoja. Mkono uliniganda nikakataa kukiachia. Halafu kipande cha ukuta kikashuka. Nilikiona kikishuka kimyakimya, kikazama, maji yakaruka, na ndipo mlio ukatufikia, kama mtu ameshusha shehena ya mbao chumba cha pili. Macho yalishamaliza, masikio ndiyo yanaanza.

Hapo nilimkumbuka mdogo wangu nikajisikia vibaya sana.

Mavazi. Acha pamba nyumbani. Nilibeba kanga nikajifunga shingoni kwa fahari, boti ikarusha maji mara moja, na saa mbili zilizofuata nilikuwa nimevaa kitambaa cha barafu. Sufu ndani, hasa ya merino, kwa kuwa hata ikilowa haikuachi. Sufu nyingine au flisi katikati. Nje kitu kisichopitisha upepo wala maji. Julai joto lilikuwa nyuzi tatu hadi sita, ambalo kwa mtu aliyezoea Oslo si kitu, lakini ukikaa kwenye boti saa mbili bila kusogea linakuingia hadi kwenye magoti. Suruali isiyopitisha maji ndiyo watu wengi huisahau. Meli nyingi zinaazimisha buti za mpira, na baadhi hutoa koti pia. Uliza kabla hujanunua. Glavu chukua pea mbili, nyembamba ndani na nene nje, maana kupiga picha na glavu nene ni kama kula pilau na soksi mkononi. Betri za kamera ziweke mfuko wa ndani karibu na mwili, zikipoa zinakufa mapema. Na kitambaa cha kufunika macho, ama sivyo saa nane usiku utakuwa bado unaangalia dari.

Bahari hulevya. Ndani ya fiodi maji ni ya bwawa, ila meli ikitoka pwani ya magharibi kuelekea kaskazini inakutana na mawimbi ya wazi. Meza dawa kabla, ukishaanza kutapika umechelewa. Mimi binti wa mvuvi nililala sakafuni bafuni.

Kupanda boti ya mpira mtakuwa mnafanya mara mbili kwa siku. Hampeani viganja, unamshika baharia karibu na kiwiko naye anakushika hivyohivyo, unaweka mguu kwenye ukingo wa boti, unaingia, unakaa. Usiruke, usibebe kitu mkononi. Kabla ya safari ya kwanza watakufanya usafishe nguo na mkoba kwa mashine ya kufyonza vumbi na kuchovya buti kwenye dawa, ili usipeleke mbegu au ugonjwa wa ndege. Wengine walicheka. Mimi kwenye mfuko wa koti langu la zamani nilitoa punje za alizeti.

Dubu sasa, kwa kuwa kila mtu ananiuliza. Nilimwona mmoja. Kwa jicho tupu alikuwa alama ya njano kwenye theluji, kama siagi iliyodondoka kwenye shuka. Kwa darubini alikuwa dubu, amekaa, anajilamba. Sheria mpya inataka mita 300 kati yako naye, na kati ya Machi na Juni ni mita 500, kipindi ambacho majike wana watoto wadogo. Kuna waliolalamika kwamba wamesafiri mbali yote hiyo kuona alama. Mimi naiunga mkono sheria hiyo bila kusita. Kwa hiyo nunua au azima darubini yako mwenyewe, ya nguvu ya mara nane au kumi, kabla ya kufikiria lenzi ya kamera. Darubini za kuazimana melini zinakufikia dubu akiwa ameshaondoka.

Dubu huyohuyo alitufutia matembezi. Tulikuwa tumeshashuka pwani Raudfjorden, waongozaji wawili wenye bunduki wakiwa juu ya vilima wanatazama, redio ikasema neno, tukaambiwa turudi botini kwa mwendo wa kawaida, bila kukimbia. Dakika kumi na tano ufuko ulikuwa mtupu. Mtu akikuambia bunduki ni ya mapambo, usitembee naye. Ukizoea Norwei bara, ambako unaingia msituni utakavyo, hapa ukitoka nje ya mji bila ulinzi unatafuta balaa.

Walrasi, yule mnyama mnene wa baharini mwenye meno mawili marefu kama ndovu, tuliwakuta wamelala rundo, na harufu yao ilitufikia kabla yao. Kulungu wa huko wana miguu mifupi, utadhani mtoto amevaa koti la baba. Buabua wa Aktiki, ndege mdogo anayesafiri hadi upande wa Antaktiki na kurudi kila mwaka, atakudonoa kichwani ukikaribia kiota; inua fimbo au mkono juu ya kichwa, yeye hushambulia kilicho juu kabisa, nawe rudi ulikotoka.

Ny-Ålesund, kijiji cha watafiti, utaambiwa uzime waifai na bluetooth kabla meli haijakaribia, kwa sababu vipimo vyao vinasikiliza mawimbi dhaifu mno kutoka angani. Mlingoti ambako wapelelezi Amundsen wa Norwei na Nobile wa Italia walikifunga chombo chao cha angani, Norge, mwaka 1926, kabla ya kuvuka Ncha ya Kaskazini, bado umesimama.

Kwa Waislamu: hakuna machweo ya kuona kwa macho. Sheikh wa msikiti wetu alinishauri nifuate saa za Makka, nikaziandika kwenye karatasi ukutani. Kibla kutoka huko kiko kusini, kidogo mashariki, lakini meli haijui. Siku moja nilianza rakaa nimeelekea dirishani nikamaliza nimeelekea mlango wa choo, nahodha alikuwa anageuza. Chakula waandikie wakati wa kulipia, si siku ya kupanda. Samaki na mboga zilikuwepo kila siku.

Weka siku moja ya ziada Longyearbyen kabla ya meli, ndege ikichelewa meli haikusubiri. Kwenye makumbusho na hoteli nyingi unavua viatu mlangoni, desturi iliyobaki tangu enzi za vumbi la makaa ya mawe, na mtu wa Tanga hafundishwi hilo. Panda teksi hadi nje ya hifadhi ya mbegu ya dunia. Huingii, utaona mlango wa zege umetokeza mlimani, basi. Ilipofunguliwa Februari 2008, Wangari Maathai alikuwepo akiwa na waziri mkuu wa Norwei kuingiza mbegu za kwanza. Nilisimama pale na upepo wake, nikampigia mdogo wangu simu ya video nikamwonyesha mlango. Akauliza kama nimeleta barafu.

Anakuja tena Julai. Fomu ya viza anajaza mwenyewe, na amenitumia picha ya stika kabla sijaiomba.