Timu 11, kombe moja

Swali: Shikamoo mhariri. Baa zetu hapa Mtwara zina ligi ya chemsha bongo, timu 11. Tunataka kombe la mtoano, lakini hesabu haigawanyiki. Na sare je?
Msomaji, Chikongola

Jibu: Marahaba. Chezesheni droo: timu 5 zipite bila kucheza, 6 zicheze mechi 3. Washindi wakiungana nao mnapata 8, yaani robo fainali. Vigogo wasipewe upendeleo, wanaringa vya kutosha! Sare iamuliwe kwa swali la kukadiria. Aliye karibu zaidi anapita. Mfano: Msafara wa makumbusho ya Berlin, Ujerumani, ulianza mwaka gani kuchimba mifupa ya dinosaria kule Tendaguru, Lindi? Ni 1909. Majibu yaandikwe karatasini, simu zote zikae kaunta.