Miezi minne ya kujihesabu usiku: kwa kijana wa miaka 27 asiyejua ameumbiwa nini

Mleta mada, umesema una miaka 27, chuo umemaliza mwaka juzi, na kila alfajiri unakaa kimya nusu saa ukijiuliza umeumbiwa nini, lakini kinachokuja ni mawazo ya kodi ya chumba. Nimekusoma mara mbili. Nilipita hapo hapo nikiwa na miaka 31, kwa hiyo niruhusu niandike kwa urefu.

Mimi ni mhasibu. Wakati ule nilikuwa na ajira ya kudumu Dar, kiwanja Kibaha, na mama aliyekuwa akinitaja kwa majirani. Hata hivyo kila Jumapili jioni kifua kilinibana. Nikaanza kuzunguka kwenye semina za wahamasishaji. Natoka ukumbini nimewaka, Jumanne nimezimika. Baadaye niligundua kwamba kichwa ukikiuliza swali kubwa namna hiyo kikiwa kitupu, kinakupa majibu kilichoyaokota kwa watu. Changu kilinijibu "tikiti maji", kwa kuwa mwaka ule kila kijiwe kilikuwa kinazungumzia tikiti na hela zake. Nilishaanza kuulizia bei ya pampu.

Aliyenishika mkono ni mzee mmoja wa ofisini kwetu, Mwislamu mcha Mungu. Mimi ni Mkatoliki, lakini tulikuwa tunaelewana sana. Siku moja tunafunga hesabu za mwezi akaniuliza, "Mwanangu, hesabu za watu unazifunga kila mwezi. Za kwako unazifunga lini?" Ndipo akanieleza muhasaba: mtu anakaa na nafsi yake usiku, anaipitia siku yake yote. Akanitajia yale maneno yanayonasibishwa na Sayyidna Umar, jihesabuni kabla hamjahesabiwa. Hesabu, mhasibu, muhasaba, mzizi ni mmoja. Cheo hicho nilikuwa nimekibeba miaka kadhaa bila kukisikia kinasema nini.

Nikanunua daftari kubwa la kaunta. Kila usiku niliandika mistari michache kama mtu anayejaza vocha: leo nimefanya nini, nilikuwa na nani, na jambo lile limeniachaje. Sikuruhusu neno "kusudi" liingie humo, wala mipango. Nilitaka yaliyotokea tu.

Hilo la tatu nilikuwa nalikosea mwanzoni. Niliandika nilivyojisikia jambo likiendelea, na kwa kipimo hicho kuwaza tikiti kulishinda kila kitu. Kwenye mafungo ya Kwaresima, padre akatusimulia habari za Mtakatifu Ignasi wa Loyola. Alikuwa askari. Mwaka 1521, huko Pamplona, mzinga ukamvunja mguu, akalazwa nyumbani kwao muda mrefu. Pale kitandani alikuwa akiwaza ushujaa wa vitani na mwanamke mmoja wa daraja la juu, saa zinapita kwa raha. Saa nyingine aliwaza kuishi kama watakatifu aliosoma habari zao. Mawazo yote mawili yalimpendeza. Ila yale ya kwanza yakiisha yalimwacha mkavu, na haya ya pili yakiisha utulivu ulibaki. Alipoigundua tofauti hiyo, maisha yake yakageuka.

Niliporudi nyumbani nikafungua kurasa za tikiti. Nikikumbuka, asubuhi zilizofuata zote zilikuwa kavu.

Mwezi wa nne wa kuandika nikakaa Jumamosi nzima na kalamu nyekundu, nikasoma daftari tangu ukurasa wa kwanza. Nilitegemea kukuta jambo kubwa. Nilichokuta kimejirudia ni VICOBA ya mama kule Mbagala, kikundi chao cha kuweka na kukopeshana. Mhazini wao alikuwa ameshutumiwa kula pesa. Mama akaniomba nikaangalie. Nikakaa chini na vitabu vyao vitatu, hisa, mfuko wa jamii na mikopo, tangu saa nne asubuhi hadi magharibi, nikakuta faini za wachelewaji zimeandikwa kwenye safu ya hisa. Hakuna shilingi iliyopotea. Yule mama mhazini alikaa kimya, kisha akavuta upande wa khanga akajifuta uso. Usiku ule niliandika mstari mmoja tu: "Sijachoka." Na tangu hapo, kila baada ya wiki mbili hivi, kuna mstari unaofanana na huo: nimemfundisha katibu kufunga ukurasa, nimewapigia hesabu za kugawana mwisho wa mzunguko. Nilikuwa nayaandika kama mambo ya pembeni, mdogo wangu. Hata siku moja sikuyaita kazi.

Daftari likanionyesha na jingine lisilopendeza. Siku nyingi nilizoandika "nimefurahi" zilikuwa siku za kusifiwa. Nikaogopa: je, ninachopenda ni vile vitabu au ni kuitwa mwanangu msomi na rafiki za mama? Nikaomba niende kwenye kikundi cha Chanika ambako hakuna anayenijua. Wakanipokea kwa mashaka, wakahoji kila namba, sikupewa hata chai. Niliporudi niliandika, na kesho yake asubuhi nikasoma nilichoandika. Utulivu ulikuwepo. Hapo ndipo nikaamini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ile nusu saa ya alfajiri iache kwa sasa, anza na mistari mitatu ya usiku. Usisome nyuma kabla ya miezi mitatu, maana ukisoma mapema utaanza kujiandikia unachotaka kukiona. Na ukikuta jambo, lipeleke mahali ambako hakuna wa kukupigia makofi.

Umeuliza pia kama mtu akishajua ni lazima aache kazi. Mimi sikuacha. Nina watoto wawili shuleni, na vikundi vinanilipa nauli, mara chache kidogo zaidi. Baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 kutaka vikundi vya namna hii visajiliwe, wanaoniita wameongezeka, sasa Jumamosi zangu zote zimejaa. Mke wangu ameuliza kama tupunguze siku za ofisini, na mama, ambaye sasa macho yamepungua nuru, ananiambia nisiharakishe. Daftari la sasa nililianza Januari. Nitalisoma mwezi wa sita, nikiwa na ile kalamu nyekundu, mke wangu akiwa amekaa hapo.