Jibu langu kwa mlioniuliza kuhusu rushwa na biashara huku ughaibuni

Ndugu zangu,

Mmeniuliza mara kadhaa iwapo ni kweli kwamba huku Ujerumani hakuna rushwa, na kama hiyo ndiyo sababu ya biashara zao kukua. Watu wa huku si malaika. Hadi mwaka 1999, kampuni ya Kijerumani iliyotoa hongo nje ya nchi iliweza kuiandika miongoni mwa gharama zake na kupunguziwa kodi, kwa hiyo mkono uliopokea kwetu ulikuwa na mwenzake huku uliokuwa ukitoa.

Tofauti niliyoiona mimi iko dirishani. Nilipokwenda kuandikisha biashara yangu, afisa alisoma fomu, akaniuliza swali moja kuhusu aina ya kazi, akanipa risiti ya ada iliyoandikwa wazi, kisha akaita namba iliyofuata. Nilibaki nimesimama, kwa kuwa miaka yote ya kuhangaikia leseni nyumbani ilinizoeza kusubiri lile swali la "sasa tunafanyaje?". Halikuja.

Wapo wanaosema kitu kidogo hulainisha mambo, kwamba bila hicho faili halitembei. Wanasahau kwamba faili lilikaliwa ili hicho kitu kidogo kitolewe, na kwamba anayelipa leo amekwisha kumwonyesha afisa kuwa atakuwa nacho hata kesho. Kodi ina kiwango, ina tarehe na ina risiti, hivyo mtu anaweza kuipangia. Hongo haina hata kimoja kati ya hivyo, na hupanda kadiri biashara inavyoonekana kunawiri. Ndiyo maana nilipokuwa na karakana sikuajiri mafundi wawili niliowahitaji, nikaridhika na kibao kidogo kisichosomeka kutoka barabarani. Wanauchumi Raymond Fisman na Jakob Svensson, katika utafiti wao wa mwaka 2007 kuhusu kampuni za Uganda, walikuta kwamba hongo ikiongezeka kwa asilimia moja ya mauzo, kasi ya kukua kwa kampuni hupungua kwa pointi tatu hivi za asilimia, athari iliyo takriban mara tatu ya ile ya kodi. Niliposoma hayo nilikikumbuka kile kibao.

Linaloniuma zaidi ni zabuni. Kampuni inayoshinda kwa kujuana haina haja ya kununua mashine bora wala kumwendeleza fundi, maana ushindi wake hautokani na kazi. Ile yenye mafundi stadi hushindwa mara mbili, mara tatu, kisha hufunga milango, na baadhi ya mafundi hao ndio ninaokutana nao huku wakipakia mizigo maghalani.

Nawe mdogo wangu uliyeniomba mtaji wa kupanua karakana, nitautuma. Ila niandikie kwanza ni madirisha mangapi utakayopitia na kila moja linadai nini nje ya risiti, kwa sababu hesabu hiyo ndiyo iliyoniangusha mimi.